Mwezi wa nane, bega linauma na nafasi ni moja tu

LUBUMBASHI – Simu ililia saa tano za usiku. Umeme ulikuwa umekatika, nasi tulikuwa tumekaa uani tukizungumza. Aliyepiga ni mtoto wa mdogo wangu, yule aliyefika Marekani akiwa na miaka saba pamoja na wazazi wake, baada ya kuishi miaka kadhaa katika kambi ya Meheba kule Zambia. Sasa yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu na anacheza ule mpira wao wa kushika mikononi. Kwake ilikuwa bado mchana.

“Baba mkubwa, habari za nyumbani?”

“Nzuri, mwanangu. Na huko?”

“Huku tuko sawa, ila bega linanisumbua. Lakini tafadhali, usimwambie papa. Hata kocha hajui.”

Nikamwuliza kwa nini kocha hajui. Akanieleza kwamba wako watatu wanaoshindania nafasi moja, kwamba kocha atataja jina baada ya siku kumi, na kwamba mtu akikaa nje siku mbili anarudi na kukuta wenzake wameshampita. Kwa hiyo kila asubuhi anameza dawa ya maumivu, anavaa na kwenda kurusha mpira.

Ndugu wasomaji, wa hapa kwetu na ninyi mlio ughaibuni, najua wengi wetu mpira tunaoujua ni ule wa miguu. Lakini familia nyingi za Congo sasa zina watoto katika shule na vyuo vya Marekani, na wengine wao wanavaa zile kofia ngumu. Simu kama hii itafika katika nyumba nyingine pia. Ndiyo sababu leo naandika juu ya mwezi wa nane wa wachezaji hao, na juu ya jambo moja ambalo kwa maoni yangu makocha na familia wanalikosea.

Kwanza nieleze kidogo. Katika futiboli ya Kimarekani kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Anayeongoza mashambulizi anaitwa kwotabeki. Mpira unaanzia mikononi mwake karibu kila mara. Yeye ndiye anayesoma jinsi adui walivyojipanga, ndiye anayeamua kumrushia nani au kumpa nani akimbie nao, na anaamua katika sekunde mbili au tatu huku watu wenye kilo 120 na zaidi wanamkimbilia wamwangushe. Nafasi nyingine nyingi zinaweza kugawanywa: mkimbiaji huyu akichoka anaingia yule. Kwotabeki hagawanywi hivyo. Kwa kawaida anacheza mmoja, na wengine wanasimama pembeni mchezo mzima, pengine msimu mzima.

Msimu wa vyuo unaanza mwisho wa mwezi wa nane. Kabla yake kuna takriban wiki nne za mazoezi makali, kwenye jua la kiangazi chao. Ndizo wiki ambazo kocha anachagua nani awe namba moja. Na ndizo wiki ambazo watu wanaumia. Mambo hayo mawili yanatokea pamoja, kwenye uwanja mmoja, na ndipo ilipo shida yetu.

Mfano ninaoupenda ni wa chuo kikuu cha Ohio State, mwaka 2014. Kwotabeki wao aliitwa Braxton Miller. Huyo hakuwa mtu wa kubahatisha: miaka miwili mfululizo, 2012 na 2013, alichaguliwa mchezaji bora wa mashambulizi katika ligi yao ya Big Ten. Bega lake la kulia, la mkono anaorushia, liliumia katika mchezo wa mwisho wa msimu uliotangulia, akapasuliwa mwezi wa pili. Mwezi wa nane alikuwa amerudi mazoezini. Tarehe 18, siku 12 kabla ya mchezo wa kwanza, alirusha mpira wa kawaida kabisa na bega likaachia. Hakuna aliyemgusa. Msimu wake ukaisha kabla haujaanza.

Zingatieni hilo. Mazoezini makwotabeki huvaa jezi ya rangi tofauti, ishara kwamba ni marufuku kuwaangusha. Jezi hiyo inamkinga mtu na mwenzake. Haimkingi na bega lake mwenyewe.

Nafasi ikaenda kwa kijana J.T. Barrett, ambaye alikuwa hajacheza hata mchezo mmoja wa chuo. Yeye naye alifika Ohio kutoka Texas baada ya kuharibika goti katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Mchezo wa pili wakafungwa nyumbani na Virginia Tech, 35 kwa 21, na Barrett alitupa mipira 3 mikononi mwa adui. Watu wakasema msimu umekwisha. Lakini alikomaa, wakashinda michezo yote iliyofuata, mpaka tarehe 29 mwezi wa kumi na moja, walipokuwa wanacheza na mahasimu wao Michigan, akavunjika kifundo cha mguu.

Akabaki wa tatu, Cardale Jones, kijana mrefu wa Cleveland ambaye katika mashindano ya mwezi wa nane alikuwa amepitwa na Barrett. Hakuwa ameanza mchezo hata mmoja katika maisha yake ya chuo. Mchezo wake wa kwanza ukawa fainali ya Big Ten: waliwapiga Wisconsin 59 kwa 0. Wa pili, tarehe 1 mwezi wa kwanza 2015, waliwashinda Alabama 42 kwa 35. Wa tatu ulikuwa fainali ya taifa zima, tarehe 12, na Oregon wakalala 42 kwa 20. Michezo mitatu, vikombe vitatu, na ni namba tatu wa mwezi wa nane aliyevileta.

Hadithi hii inasimuliwa sana kule, na mara nyingi inasimuliwa vibaya. Wanaiita hadithi ya bahati: mmoja kaumia, mwenzake kapata nafasi, ndivyo mpira ulivyo. Kijana anayeisikia hivyo anajifunza mambo mawili. Ukiumia, mwenzako atakula chakula chako. Mwenzako akiumia, ni siku yako. Ndipo anapoanza kuficha.

Mimi naisoma tofauti. Kocha Urban Meyer na wasaidizi wake hawakuokota mtu barabarani mwezi wa kumi na mbili. Jones alikuwa amefundishwa. Alijua ishara zote, alijua michezo yote, alikuwa amerusha mipira kwa wale wale wapokeaji. Mashindano ya mwezi wa nane hayakuwa ya kumpata mmoja na kuwatupa wawili. Yalikuwa ya kuwatayarisha watatu. Mahali ambapo wa pili na wa tatu wanatayarishwa kweli, wa kwanza anaweza kusema “kocha, naumwa” bila dunia kuanguka.

Sisi watu wa Lubumbashi tunalijua jambo hili bila kufundishwa na Mmarekani. Mwaka 2010 TP Mazembe ilimpoteza Trésor Mputu, nyota wake, aliyefungiwa na FIFA kwa miezi 12. Wengi walisema basi. Lakini ekipe ile ile ikachukua kombe la Afrika, ikaenda Abu Dhabi, ikawapiga Internacional ya Brazili 2 kwa 0, na ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya vilabu. Mputu hakuwa ameumia, alikuwa ameadhibiwa, lakini somo ni moja: ekipe iliyowatayarisha watu wake haifi kwa kukosekana mtu mmoja.

Sasa tuangalie upande wa pili, ule wa hatari. Mwaka 2021 wataalamu walichapisha uchunguzi uliofuata wachezaji wa vyuo 6 vikubwa kwa misimu mitano. Walikuta kwamba karibu nusu ya mitikisiko yote ya ubongo ilitokea katika kipindi cha mazoezi kabla ya msimu, ingawa kipindi hicho ni kama sehemu moja tu ya tano ya muda wote. Na kwa jumla, zaidi ya mitikisiko saba katika kumi ilitokea mazoezini, si siku ya mchezo. Yaani mtoto anaumia kichwa mahali ambapo hakuna mtazamaji, hakuna televisheni, hakuna kombe. Anaumia akigombea nafasi.

Wakubwa wa mchezo wamefanya kitu, lazima tuseme ukweli. Mwaka 2017 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipiga marufuku mazoezi mawili ya kugongana katika siku moja. Mwaka mmoja kabla, ligi tano kubwa zilikuwa zimepitisha kanuni kwamba juu ya afya ya mchezaji neno la mwisho ni la daktari na wahudumu wa afya, si la kocha. Ni kanuni nzuri sana. Lakini daktari hawezi kusimamisha maumivu asiyoambiwa. Kanuni yote inasimama juu ya mdomo wa kijana wa miaka 19, na mdomo huo umefungwa na hofu ya kupoteza nafasi.

Na hofu hiyo imeongezeka katika miaka ya karibuni. Zamani mchezaji akihama chuo alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, kwa hiyo wengi walibaki na kusubiri zamu. Tangu 2021 anaweza kuhama na kucheza mara moja, na tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena, mradi masomo yake yako sawa. Mwaka huo huo 2021 wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kwa jina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Sina ubaya na malipo. Vyuo vilikula jasho la vijana hawa miaka mingi, na mwenye kutoka jasho ana haki ya kula. Lakini matokeo yake kwa kwotabeki ni kwamba tofauti kati ya namba moja na namba mbili sasa si heshima tu, ni fedha. Anayeshindwa mwezi wa nane anafungasha vitu mara msimu ukiisha. Anayeshinda anajua kwamba mwaka ujao kocha anaweza kuleta mwingine kutoka chuo kingine, tayari amekomaa. Kila mmoja anaona mlango uko wazi nyuma yake.

Mkumbukeni Jalen Hurts. Fainali ya taifa ya mwezi wa kwanza 2018, akiwa na Alabama, alitolewa wakati wa mapumziko, mdogo wake Tua Tagovailoa akaingia na wakawashinda Georgia 26 kwa 23. Mwezi wa nane uliofuata walishindana, na Hurts akashindwa. Hakuondoka msimu ule. Alibaki, na katika fainali ya ligi yao mwezi wa kumi na mbili, Tagovailoa alipoumia kifundo, Hurts akaingia na kuwarudisha, wakawashinda Georgia tena, 35 kwa 28. Ndipo alipohamia Oklahoma, na miaka baadaye, mwezi wa pili 2025, akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Kukaa benchi hakukumuua. Lakini nani leo atamshauri kijana akae? Wakala anamwambia ondoka. Marafiki wanamwambia ondoka. Na sisi jamaa tulio mbali, tunaosikia neno “namba mbili” kama tusi, tunamwambia nini?

Nawasikia wanaosema: mashindano ndiyo yanayomfanya mtu awe imara, ukiyaondoa utapata wavivu. Nakubaliana nao nusu. Sisemi yaondolewe. Nasema yasifanywe kwa namna ambayo maumivu yanahesabiwa kama kushindwa. Kocha anaweza kusema siku ya kwanza, mbele ya wote: atakayeumia na kueleza, nafasi yake katika foleni inamngoja mpaka apone na apimwe tena uwanjani. Atakayeficha na tukagundua, atakaa. Maneno mawili tu, na hayagharimu dola hata moja. Kocha huyo huyo anaweza kuwapa wa pili na wa tatu mazoezi ya kweli pamoja na kikosi cha kwanza, si mabaki ya dakika kumi za mwisho. Kocha anayechelewesha jina mpaka siku ya mwisho ili kuwachanganya wapinzani ajue pia kwamba anarefusha siku ambazo vijana wake wanameza dawa kwa siri.

Na tusidhani kwamba kuumia ni hadithi ya watoto wa watu wengine. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia upande wa Montréal kule Kanada, akaenda chuo kikuu cha Michigan. Mwezi wa kumi na moja 1995 alikimbia yadi 313 katika mchezo mmoja dhidi ya Ohio State, ekipe yake ikashinda 31 kwa 23. Mpaka leo wazee wa Michigan wanalitaja jina lake, ingawa wengi hawajui kulitamka. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa 8 katika nchi nzima kwenda kucheza kwa mshahara huko Carolina. Msimu wake wa kwanza goti likaharibika. Alicheza mpaka 2001, na majeraha hayakumwacha. Huyo ni mtoto wa kwetu, mwenye nguvu kuliko wengi wetu tutakaowahi kuwaona. Mwili ni mwili.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakuwa wanasema juu ya futiboli, lakini walikuwa wanamjua binadamu.

Narudi kwa mtoto wetu. Usiku ule sikulala vizuri. Aliniomba siri, na siri ya mtoto ni kitu kizito. Ukiivunja mara moja hatakupigia tena. Asubuhi nilimtumia sauti ndefu kwa WhatsApp. Nilimwambia: sitamwambia papa wako, wewe mwenyewe utamwambia. Na kabla ya papa utamwambia daktari wa ekipe, leo, kabla hujavaa. Ukifanya hivyo nitasimama nawe mbele ya wote. Usipofanya, kesho mimi nitampigia papa wako.

Alinyamaza siku nzima. Usiku alinijibu kwa maneno machache: amekwenda. Wamempiga picha za bega. Si kupasuka, ni misuli iliyochokozwa mno. Wamemwambia asirushe mpira wiki mbili. Jina likatajwa bila yeye. Sasa ni namba tatu.

Mdogo wangu alinipigia kwa hasira. “Kaka, umemharibia mtoto nafasi. Alikuwa amebakiza siku kumi!” Mkewe naye akachukua simu, akanikumbusha kwa adabu, lakini kwa ukali, kwamba mimi niko Lubumbashi na wao ndio wanaomlipia kijana usafiri na chakula, kwamba hao walikuwa wanatumaini chuo kingempunguzia karo kama angekuwa namba moja. Niliwasikiliza mpaka mwisho. Sina jibu la karo. Fedha hizo zingewasaidia kweli, na mimi siwezi kuzitoa. Nikawaambia tu kwamba bega la mtoto ni lile lile atakalobebea watoto wake, atakalofanyia kazi miaka 40 baada ya mpira kwisha. Hatukuachana vizuri, lakini hatukugombana.

Huenda asirudi kuwa namba moja. Cardale Jones ni mmoja. Namba tatu wengi wanamaliza chuo bila kuitwa, na mtu asiwadanganye. Jones mwenyewe alipata digrii yake mwaka 2017, na nadhani kikombe kitasahaulika kabla ya digrii. Mtoto wetu anasoma uhandisi. Hilo hatukuliulizia sana mwezi huu, tulikuwa tunaulizia mpira.

Kwa hiyo ninyi mlio na kijana kule, mwezi huu wa nane, ombi langu ni dogo. Mkimpigia, msianze na “uko wa ngapi?” Anzeni na “mwili unasikiaje?” Kisha nyamazeni, mumwache aongee. Kama kuna kitu anaficha, hapo ndipo atakapokisema.

Jana usiku alinipigia tena. Anasimama pembeni na karatasi, anaandika kila mchezo ambao wenzake wanaufanya, anajifunza ishara. Nilimwuliza bega. Akasema linauma kidogo akilala upande ule. Nikamwuliza kama daktari anajua.

“Anajua, baba mkubwa,” akasema. “Sasa anajua kila kitu.”